Ndiyo, Nahodha

Mama mkwe wangu alisafiri nje ya dunia mara kumi na tatu, na katika safari zote hizo sikumpa nafasi ya kusema jambo lolote la maana. Nalitaja hili mapema ili ijulikane wa kulaumiwa ni nani, kwa sababu mbele huko nitajitetea kidogo, na mimi hujitetea vizuri. Nimesomea.

Ulikuwa mchezo wa redio wa vipindi kumi na tatu, uliorushwa na kituo kimoja kidogo cha Kitui kila Jumamosi alasiri, katikati ya salamu za wasikilizaji na matangazo ya vifo. Niliuandika mimi. Chombo cha anga kinaondoka kwenye tambarare za Kyuso kwenda kutafuta maji ng'ambo ya mwezi, kwa kuwa huku chini yamekwisha. Nilidhani nimeandika kitu kizito kuhusu mwanadamu na kiu yake. Baada ya kipindi cha pili mkulima mmoja wa ndengu alipiga simu kituoni kutoka huko huko Kyuso, kuuliza kama ule mtambo wa Nahodha wa kunusa maji unapatikana kwa chifu au ni lazima mtu afike Kitui mjini. Mtangazaji alicheka hewani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nangoja barua za wasomi.

Nahodha niliigiza mwenyewe, maana hakuna mwigizaji aliyekubali kukariri hotuba zake. Alikuwa mtu wa hotuba. Aliweza kuiona sayari mpya dirishani na badala ya kutua akaizungumzia kwa dakika nne. Kando yake nilimweka Msaidizi. Katika kipindi cha kwanza msimulizi anamtambulisha Msaidizi kwa kishindo: anajua lugha kumi na moja, anaweza kuifungua injini na kuifunga gizani, aliwahi kuzalisha mwanamke ndani ya chombo kinachoanguka. Basi. Baada ya utambulisho huo sikumtumia tena. Alibaki pale akisema "Ndiyo, Nahodha" kila Nahodha alipovuta pumzi.

Mwigizaji niliyemtafutia nafasi hiyo hakutokea siku ya kurekodi. Mke wangu, aliyekuwa akipita na beseni la nguo, akasema, "Si umchukue Mwaitu. Yuko hapo sebuleni, na kusoma anajua kuliko wewe."

Mwaitu ni mama, kwa Kikamba. Mama mkwe alikuwa ametoka kwake Kikima kuja kututembelea Kwa Vonza kwa wiki moja. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kanisani kwao ndiye aliyesoma matangazo, kwa sababu hata orodha ya zamu za kufagia ikisomwa naye ilisikika kama Waraka kwa Warumi. Sauti ilikuwepo. Tatizo lilikuwa mimi.

Kwetu Ukambani kuna kitu kinachoitwa nthoni. Ni haya, lakini haya yenye sheria. Mwanamume na mama mkwe wake hawakai pamoja, hawatazamani usoni, hawazungumzi moja kwa moja. Siku hizi wengi wameiacha, hasa waliookoka. Wanasalimiana kwa mkono na kula meza moja. Mama mkwe wangu aliokoka kabla sijazaliwa, ila alisema wokovu ni wa roho na nthoni ni ya mwili. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa yangu hakuwahi kunitazama usoni wala kulitamka jina langu. Mimi, mhadhiri, mtu wa kuwafundisha vijana kwamba mila hubadilika, nilikuwa nikisikia nyayo zake ukumbini natokea mlango wa jikoni.

Kwa bahati studio yetu ilikuwa stoo ya nyumba, yenye magunia ya ndengu ya kunywa mwangwi na blanketi zilizotundikwa kwenye kamba. Mama mkwe aliingia nyuma ya blanketi moja akakaa. Mimi nilikaa upande wa pili. Katikati alikaa fundi wa sauti, mzee wa ndevu za mvi ambaye kazi yake hasa ni kutengeneza spika za makanisa. Nthoni ilihifadhiwa. Nadhani ndiyo studio pekee ya hadithi za kisayansi iliyojengwa kwa kufuata mila.

"Mwambie huyo mtu," sauti ikatoka nyuma ya blanketi siku ya kwanza, "neno ni giza. Si ngiza."

Fundi akanigeukia, ingawa nilikuwa mkono mmoja kutoka kwake. "Daktari, unaambiwa ni giza." Huniita daktari kwa sababu anajua shahada yenyewe sijaimaliza.

"Nimesikia."

"Amesikia, mwalimu."

"Kusikia amesikia. Sasa aseme."

Nikasema. Likatoka ngiza. Ulimi wa Mkamba huweka pua mbele ya g, na digrii haziiondoi.

"Sivyo," likasema blanketi.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Nusu ya watu wazima wa huko kwao Mbooni waliambiwa sivyo na yeye, wakiwa wamesimama ubaoni na chaki mkononi. Alilisema bila ukali, kama mtu anayekuondolea uzi begani. Tukirekodi kipindi cha nne alisema jambo jingine: "Mwambie huyo mtu, hizi lugha kumi na moja za Msaidizi zitatumika lini?"

"Mwambie tutafika huko," nikasema.

Hatukufika. Nilikuwa na sababu za kisanaa, na nilizieleza kwa yeyote aliyeuliza: msaidizi akizungumza sana anampunguzia shujaa upweke wake. Msikilizaji mmoja wa Wote alipiga simu akasema, "Yule mama ndani ya chombo, mmemfunga mdomo?" Ukweli ni kwamba sikuweza kumwandikia mama mkwe wangu ugomvi na mimi, wala utani na mimi, wala swali la kuniuliza moja kwa moja. Kalamu ilikuwa inatokea mlango wa jikoni. Katika vipindi viwili vya mwisho nilimlaza Msaidizi usingizi wa barafu hadi safari iishe, akawa anaamka mara moja tu kukiri kwamba yuko tayari kulala tena.

Mwaka jana, baada ya mvua za Aprili, mama mkwe alianguka akipepeta maharagwe nyuma ya jiko lake. Kiharusi. Hospitali ilimrudisha nyumbani baada ya wiki tatu, mkono wa kulia umelegea na maneno yote yameondoka. Kikamba kiliondoka. Kiingereza kiliondoka. Nyimbo ziliondoka. Likabaki moja.

"Mwaitu, uji?"

"Sivyo."

Akanywa uji wote.

"Tuzime redio?"

"Sivyo."

Tukaiacha. Akainyooshea kidole hadi ikazimwa. Alilitumia neno hilo kwa sauti zote, ya kuomba, ya kushukuru, ya kulalamika. Wachungaji walipokuja kumwombea alisema sivyo mahali pa amina, wakafumbua macho.

Hapo ndipo shemeji yangu mkubwa aliposema atamchukua Nairobi. Shemeji si mtu mbaya, na sitaki aonekane hivyo. Ndiye aliyelala sakafuni hospitalini. Ana chumba tayari na hospitali iko karibu. Nyumba ya Kikima ingefungwa, ng'ombe aende kwa ndugu, matuta ya shamba yalimwe na mtu mwingine. Mke wangu alikataa. Alikumbuka kwamba mama yake, akiwa mzima, aliwahi kwenda Nairobi kukaa mwezi akarudi siku ya tatu, akisema huko jua linaletwa kwa zamu.

"Mwaitu anataka kubaki kwake," mke wangu alisema. Tulikuwa tumekaa uani Kikima, mgonjwa akiwa ndani.

"Amemwambia nani?" shemeji akauliza.

"Najua tu."

"Na mimi najua tu. Sasa tuko wawili tunaojua." Alijipangusa uso. "Sikiliza, dada. Jumapili ya mwisho wa mwezi ujao nakuja na gari. Tutakaa na wazee wa kanisa na wa ukoo. Nitamuuliza mbele ya watu. Akisema anabaki, anabaki, sitafungua mdomo. Asipoweza kusema, namchukua. Siwezi kumwacha kilimani huku mtu asiyeweza kuita hata jirani."

Hoja yake haikuwa na pa kupingwa. Tulikuwa na wiki saba za kumtafutia mama neno la pili.

Mtaalamu wa matamshi pale hospitalini alikuwa dada mdogo, mtulivu, mwenye wagonjwa wengi kuliko viti. Alituuliza kama kuna mahali sauti ya mama imerekodiwa, akizungumza sentensi nzima. Wapo wagonjwa, alisema, ambao hufuata sauti yao wenyewe upesi kuliko ya mtu mwingine. Mke wangu akakumbuka simu yake iliyoibwa, na kadi ya kurekodia ya kanisa, ambayo kila Jumapili hufutwa na kurekodiwa upya. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, na nakiri nilijinyoosha kitini.

"Tunavyo vipindi kumi na tatu," nikasema.

Nilivisikiliza vyote Kwa Vonza, mchana mmoja, nikiwa na karatasi. Nahodha alikuwa hakwepeki. Nilimsikia akiuhutubia mwezi, akiuhutubia ukame, akimhutubia Mungu kwa maneno ambayo yalinitoa jasho la aibu. Nikayakata yote yaliyokuwa yake. Nilichobaki nacho, ukiunganisha vipindi vyote kumi na tatu, kiliisha kabla chai yangu haijapoa. Ndiyo, Nahodha. Tayari, Nahodha. Ndiyo, Nahodha. Oksijeni inapungua, Nahodha. Ndiyo. Mwanamke aliyefundisha watoto kunena kwa miaka thelathini, na hiyo ndiyo akiba niliyomwekea.

Nilienda kwa fundi. Nilimkuta kati ya spika, amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

"Zile rekodi zetu," nikasema. "Zile mbichi, kabla hatujakata. Alikuwa anazungumza sana mle katikati. Alikuwa ananisahihisha."

"Alikuwa anakusahihisha sana," fundi akakubali.

"Ziko wapi?"

Akavua miwani moja. "Daktari, ulinipigia simu ukaniambia nifute, zinajaza mashine. Ulisema, 'Hizo ni takataka, bakisha mchezo peke yake.'"

"Najua nilivyosema. Nauliza kama ulifuta."

"Mimi ni mtu wa kanisa," akasema kwa uchungu wa kweli. "Nikiambiwa nifute nafuta."

Nilikuwa nimefunga safari nzima nikiomba mtu mmoja mwaminifu awe ameniasi mara moja tu.

Chuo kilikuwa kimefungwa kwa mgomo wetu wa wahadhiri, na mke wangu alikuwa na darasa lake la nane Kitui. Ikaamuliwa, yaani mke wangu aliamua, kwamba niende Kikima nikafanye mazoezi na mama yake siku za juma, yeye aje Jumamosi. Nililala kwenye nyumba ya mashemeji, upande wa pili wa kiwanja. Mjane mmoja wa jirani ndiye aliyemwogesha na kumpikia.

Asubuhi ya kwanza niliingia na simu yenye sauti zile, nikakaa mbele yake. Mama mkwe alivuta leso kwa mkono wa kushoto akajifunika uso, akageukia ukuta. Nikasogea upande. Akageuka tena. Mjane alisimama mlangoni na sufuria.

"Mwalimu anakuonea haya," akasema.

"Mimi pia namwonea."

"Sasa mtafanyaje shule mkioneana haya hivyo?"

Ni yeye aliyepata njia. Alisema binti yake akiwa Saudia huzungumza naye mambo ambayo ana kwa ana wasingeyasema, kwa sababu simu haina macho. Basi kila asubuhi saa tatu nilisimama nyuma ya tangi la maji, hatua ishirini kutoka dirishani, nikampigia mama mkwe wangu simu. Mjane alimshikia sikioni. Mimi nilisoma maneno ya Nahodha, kisha nikasogeza simu ya pili karibu na mdomo wa ile ya kwanza, ikajibu kwa sauti yake mwenyewe ya miaka mitano iliyopita.

"Msaidizi, chombo kiko tayari?"

Ndiyo, Nahodha, ikasema rekodi. Nikasubiri.

"Sivyo," akasema yeye.

Mpita njia angeona mwanamume mwenye mvi, nyuma ya tangi, akijiuliza kama oksijeni inatosha. Wachache walipita, na wakaona.

Yule mtaalamu alikuwa ametuandikia ukurasa wa maswali, safu mbili. Hili lazima nilieleze sawasawa. Upande mmoja yalikuwa maswali ambayo jibu lake ni ndiyo: wewe ni mwalimu? Kikima iko Makueni? Upande wa pili yalikuwa maswali ya uongo: wewe ni mwanamume? Unakula mawe? Unalala juu ya paa? Alitusisitizia kwamba kila swali la kweli liende na la uongo, yakichanganywa, la sivyo mgonjwa hazoei kuchagua, anazoea kujibu tu. Alitazama kila mmoja wetu aliposema hivyo, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia jambo analolijua.

Siku ya pili nilifika kwenye swali la kama yeye ni mwanamume. Nilifungua mdomo nyuma ya tangi. Sikuweza. Humuulizi mama mkwe wako kama ni mwanamume. Hata jirani wa mbali humuulizi. Nikaruka hadi kwenye mawe, nikaona hilo nalo ni kumwita mwendawazimu. Paa pia. Nikajiambia nitayarudia baadaye, neno likishatoka, nikakunja ukurasa katikati ili safu ya pili ikae nyuma.

Wiki ya nne zikaja siku ambazo alinyamaza badala ya kusema sivyo. Nilianza kuamka nikihesabu siku zilizobaki. Mke wangu alikuja Jumamosi, akakaa na mama yake akimshika vidole, akamwambia kwa Kikamba kwamba shemeji anakuja na gari, kwamba ni lazima aseme, kwamba neno moja linatosha. Mama alimtazama mdomo. "Sivyo," akasema kwa upole sana, na mke wangu akatoka nje akaenda kusimama zizini.

Wiki ya sita, Jumanne, nikauliza kama chombo kiko tayari. Kabla sijaisogeza ile simu ya pili, sikioni mwangu ikasikika sauti kama ya mtu anayevuta kiti kizito.

"Ndi," akasema. "Ndi. Yo."

Nilikimbia kutoka nyuma ya tangi hadi mlangoni nikakumbuka siwezi kuingia, nikabaki pale nikimpigia mjane makofi. Kufikia Ijumaa neno lilikuwa limesimama vizuri. Wewe ni mwalimu? Ndiyo. Hii ni Kikima? Ndiyo. Umekunywa chai? Ndiyo. Mke wangu alilia kwenye simu kwa furaha. Mtaalamu hatukumpata, alikuwa likizo, na mimi nikaona hakuna haraka. Niseme kila kitu: nilifurahi kuliko nilivyohofu. Katika maisha yangu nimefundisha mamia ya watu na sijawahi kumwona mmoja akiwa hana neno asubuhi akawa nalo mchana. Sivyo haikusikika tena siku hizo, na mimi sikuiulizia ilikokwenda.

"Muulize kuhusu Nairobi," mke wangu akaniambia.

"Hilo si la mkwe kuuliza. Si mtaliuliza Jumapili?"

"Lakini anajua kuchagua?"

"Anajibu vizuri kabisa," nikasema.

Jumapili walikuja wazee watatu wa kanisa na wawili wa ukoo, shemeji na gari lake, na sisi. Mkwe hana neno katika kikao cha ukweni. Nilipewa stuli karibu na mlango, nusu kivulini. Mama alikalishwa kwenye kochi, amevaa rinda lake la Umoja wa Akina Mama, leso mabegani. Shemeji alipiga magoti mbele yake. Hakuuliza kwa hila. Nilimsikiliza kwa makini nikitafuta hila, sikuiona.

"Mwaitu," akasema, "unataka twende nawe Nairobi, ukae kwangu?"

Alimtazama mwanawe mdomo, kama alivyotazama wa kila mtu.

"Ndiyo," akasema.

Ilitoka safi. Ilikuwa sauti ya matangazo ya kanisa. Mzee mmoja akasema Bwana asifiwe, na wengine wakaitikia, na shemeji akainamisha kichwa kwenye magoti ya mama yake akalia. Mke wangu hakuitikia. Alikuwa ananitazama mimi.

"Shemeji," nikasema kutoka mlangoni. "Samahani. Hebu muulize na kinyume chake."

"Kinyume cha nini?"

"Muulize kama anataka kubaki."

Akajifuta macho. "Shemeji, wewe umefanya kazi kubwa, sote tunajua, Mungu akubariki. Lakini umesikia mwenyewe. Amesema."

"Nimesikia. Ila huenda..."

Wazee waligeuka. Ilinibidi sasa niseme, mbele yao na mbele yake, kwamba huenda mama hajui anachokisema, na kwamba sababu ni maswali ambayo nilipaswa kumuuliza nyuma ya tangi: kama yeye ni mwanamume, kama anakula mawe. Niliyapanga maneno. Nina uwezo wa kuyapanga. Yule Nahodha wangu angekuwa amesimama tayari, mkono juu.

"Huenda nini, mkwe wetu?" mzee mmoja akauliza kwa wema.

"Huenda amechoka," nikasema.

Wakakubaliana kwamba amechoka, na kwamba ni vyema waondoke mapema. Mjane alifunga nguo za mama kwenye begi. Walipokuwa wakimwingiza garini nilisimama mbali kidogo, kama inavyotakiwa. Mama mkwe alizungusha kichwa, macho yakapita juu ya wazee, juu ya binti yake, yakafika kwangu, akanitazama usoni. Leso haikupanda. Sijui ilikuwa ni kusahau kwa ugonjwa au alikuwa ameamua. Nilitazama chini kwanza mimi.

Mke wangu alinikuta jikoni kwa mama yake, nikiosha vikombe ambavyo mjane alikuwa ameshaviosha.

"Yale maswali mengine," akasema. "Ulimuuliza?"

"Yapi?"

"Unajua yapi."

Nikakausha kikombe. "Sikuweza. Ungeweza wewe kumuuliza baba yangu kama ni mwanamke?"

Alifikiri. Ni mtu wa haki, hata siku kama hiyo. "Pengine nisingeweza," akasema. "Lakini ningeniambia." Akasita akajisahihisha. "Ningekuambia. Ningekuambia kwamba sijauliza."

Huo ndio ugomvi wote tulioufanya. Ningependa ungekuwa mkubwa zaidi.

Sasa yuko Nairobi. Nyumba ya Kikima ina kufuli, na mjane huniambia kuku wameanza kulala kwenye kizingiti. Mke wangu humpigia mama yake kila siku akitoka shuleni, na mimi husikia upande mmoja na kuukisia wa pili, ingawa hakuna cha kukisia. Umekula? Ndiyo. Mkono unauma? Ndiyo. Hauumi? Ndiyo. Unataka kurudi nyumbani? Ndiyo. Unataka kukaa hapo? Ndiyo. Mke wangu alimwambia kaka yake hayo. Kaka akajibu, bila hasira, kwamba mama ana amani sasa, wala hasumbui kama zamani, kila kitu anakubali.

Sitaki kuandika sentensi nzuri juu ya jambo hilo. Nilivipitia tena vipindi kumi na tatu, safari hii nikitafuta mahali pamoja ambapo Msaidizi anamkatalia Nahodha, hata kwa bahati mbaya, hata akikohoa. Kama ningepata hata sivyo moja ya sauti yake ningeweza kumrudishia. Sikuandika hata moja. Zile alizozisema za kwake mwenyewe ndizo nilizoziita takataka.

Juzi mchana, shemeji akiwa kazini, nilipiga simu huko. Mke wa shemeji alishangaa kunisikia, akanishangaa zaidi nilipomwomba amshikie mama simu sikioni. Nilisikia leso ikisuguana na simu, halafu pumzi yake.

"Mama," nikasema, "ni mimi, mkwe wako. Sina rekodi leo. Mama, wewe ni mwanamume?"

"Ndiyo."

"Unakula mawe?"

"Ndiyo."

"Sema sivyo, Mama. Lilikuwa neno lako. Sivyo."

Nilingoja. Upande wa pili gari lilipita, mtoto wa jirani aliita mtu ngazini. Yeye alikuwa akitafuta, hilo nina hakika nalo, nililisikia likimgharimu.

"Ndiyo," akasema.

"Sivyo," nikasema.

"Ndiyo."

Nikalisema tena.